Je, wajua kwa nini kampuni ya chai huhesabu moshi wa jiko lako?

Majani ya chai yakichumwa Kericho hupelekwa kiwandani, yakanyaushwa, yakasagwa, kisha yakakaushwa kwa joto la boila inayokula kuni. Moshi huo ni wa kiwanda, hakuna ubishi. Lakini chai ileile ikifika Karachi au London, mtu atateleka maji ili ainywe. Moshi wa jiko hilo ni wa nani?

Wahasibu wa hewa ukaa wanajibu: ni wa mnywaji, na kampuni nayo ina mkono wake humo. Ndiyo maana uchafuzi hugawanywa mafungu matatu. La kwanza ni moshi wa kampuni yenyewe: boila, jenereta, malori yake. La pili ni umeme inaonunua, na hapa Kenya fungu hili huwa dogo kwa kuwa umeme wetu mwingi unatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. La tatu ni yote yaliyobaki, tangu mbolea shambani hadi birika mezani. Kanuni zake, zilizotolewa mwaka 2011, zimeligawa katika vipengele 15.

Kwa kampuni nyingi, fungu la tatu ndilo lenye mzigo mkubwa. Mbolea ya naitrojeni, kwa mfano, hutoa gesi ya naitrasi oksaidi ambayo uzito kwa uzito hupasha dunia joto zaidi ya mara 250 kuliko hewa ukaa. Kiwanda kikijisifu kwa kufunga paneli za sola huku hakisemi neno kuhusu mbolea, kimeonyesha kidole na kuficha mkono.

Wengine hulalamika kwamba moshi mmoja unahesabiwa mara mbili, kwa mwenye lori na kwa mwenye mzigo. Ni kweli, na ndivyo ilivyokusudiwa. Hesabu hizi hazikuwekwa ili zijumlishwe pamoja. Zinaonyesha ni nani wote wanaoweza kuupunguza moshi huo. Mwenye lori anaweza kubadili injini, na mwenye mzigo anaweza kubadili lori.

Juni 2023, bodi ya kimataifa ya viwango vya uendelevu, ISSB, ilitoa viwango viwili vya ripoti za kampuni, na kile cha tabianchi kinadai fungu la tatu pia, ingawa kampuni inaruhusiwa kuliacha mwaka wa kwanza. Wahasibu wa Kenya wamepanga viwango hivyo viwe vya lazima kuanzia Januari 2027 kwa kampuni zenye maslahi ya umma, kama vile benki na zile zilizo kwenye soko la hisa. Umoja wa Ulaya nao umelegeza: Desemba 2025 ilikubaliwa kwamba sheria yake ya ripoti za uendelevu ibane kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 1,000 na mauzo yanayozidi yuro milioni 450 tu. Nasikitika, maana kampuni nyingi zilizokwisha kujiandaa sasa zina ruhusa ya kunyamaza. Jambo moja naliunga mkono: wakubwa wamezuiwa kuwabana wasambazaji wadogo kwa maswali yasiyo na kikomo.

Sehemu kubwa ya chai ya Kenya hulimwa na wakulima wadogo zaidi ya 600,000. Ili fungu la tatu lijazwe kwa takwimu za kweli badala ya makisio, lazima mtu afike kwa kila mmoja amuulize alitia mifuko mingapi ya mbolea msimu huu. Gharama ya safari hiyo anastahili kuilipa mnunuzi anayeitaka takwimu, isikatwe kwenye bonasi ya mkulima.