Je, wajua? Bendi ya "misukule" iliyovuma baada ya kuvunjika

Mwaka 1969, promota wa Marekani aliyetaka kuwaleta The Zombies mjini kwake aliweza kuwapata. Analipa, vijana wanakuja na magitaa yao, wanapiga, watu wanashangilia. Kasoro moja tu: bendi hiyo ilishavunjika tangu Desemba 1967. Sasa waliokuwa wakipanda jukwaani ni akina nani?

Tuanze na wenyewe. The Zombies walikuwa vijana watano wa St Albans, kaskazini ya London: Rod Argent kwenye kinanda, Colin Blunstone mwimbaji, Chris White besi, Paul Atkinson gitaa na Hugh Grundy ngoma. Wimbo wao wa kwanza, "She's Not There", ulishika nafasi ya pili Marekani mwaka 1964. Baada ya hapo mambo yakapoa, hasa kwao Uingereza. Mirabaha iliingia kwa Argent na White, watunzi wa nyimbo; wenzao watatu walitegemea malipo ya maonyesho, na maonyesho yenyewe yalikuwa yanapungua.

Mwaka 1967 wakapewa na kampuni ya rekodi ya CBS pauni 1,000 za kurekodi albamu, wakaingia studio za Abbey Road zilizokuwa zimetumiwa na The Beatles muda mfupi tu uliopita. Mle ndani walikuta Mellotron ya John Lennon, wakajihudumia. Hicho ni kinanda cha ajabu kidogo: kila kitufe kina utepe wake wa kanda, ukikibonyeza utepe unasogea na kutoa sauti ya fidla au filimbi. Ndiyo maana albamu ile inasikika kama ina okestra nzima. Walipofika "Time of the Season", Blunstone na Argent wakagombana, kila mmoja upande wake wa kioo cha studio, juu ya namna ya kuuimba. Mchoraji wa jalada naye akakosea tahajia, ikachapwa hivyo hivyo: Odessey and Oracle, badala ya "Odyssey".

Ilitoka Aprili 1968, bendi ikiwa imeshakufa, na haikuuza. Blunstone akaenda kuajiriwa kwenye ofisi ya bima. Huko Marekani, mwanamuziki Al Kooper ndiye aliyeishikia bango kampuni ya rekodi hadi ikakubali kuitoa. Redio zikaudaka ule wimbo wa ugomvi, na mapema 1969 ukafika nafasi ya tatu.

Hapo ndipo wajanja walipoona mwanya. Msikilizaji wa Michigan au Texas aliijua sauti; sura hakuzijua. Wakala mmoja wa Michigan akatuma makundi bandia zaidi ya moja. Lile la Texas lilikuwa na watu wanne badala ya watano, bila hata mpiga kinanda! Wawili kati yao, Dusty Hill na Frank Beard, baadaye walitajirika kihalali wakiwa na bendi ya rock ya ZZ Top.

Kwetu jina Zombies tungelifasiri "misukule", na kwa wanaoamini, msukule huzikwa na jamaa zake huku mwingine akimlimisha usiku na kuvuna yeye.

Zombies wenyewe waliahidiwa fedha nyingi warudiane, wakakataa. Argent alishaanzisha bendi mpya yenye jina lake. Atkinson alifariki 2004. Wanne waliobaki walishuhudia bendi yao ikiingizwa Rock and Roll Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa wanamuziki wa rock huko Marekani, mwaka 2019. Ile "Odessey" haijasahihishwa hadi leo.