Mionzi imekwisha, mbona daktari ananiita tena?

Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi akimaliza mionzi, iwe hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, nyumbani hupigwa vigelegele, naye hudhani ameachana na sisi madaktari. Bado. Ugonjwa huu ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo. Kwa hiyo miaka 2 ya kwanza tunamwita kila baada ya miezi 3 hadi 6, kisha kila miezi 6 hadi 12 mpaka utimie mwaka wa 5.

Wengi huja wakitarajia mashine. Kliniki yenyewe ni maswali na mikono: napapasa tumbo, kinena na tezi za juu ya mtulinga, halafu napima ukeni na njia ya haja kubwa. CT skani naagiza nikiona sababu. Hata kipimo cha Pap, kile cha kuchunguza seli za mlango wa kizazi, hakinisaidii sana hapa, maana mionzi hubadilisha seli hadi zikadanganya macho.

Lenye aibu ni hili. Mionzi huacha makovu ukeni. Uke hukauka, hufupika, kuta zake hushikana. Ndiyo maana tunatoa kipanuzi, kifaa cha kuuweka uke wazi, kinachoingizwa taratibu kwa jeli ya maji mara 2 au 3 kwa wiki, dakika 5 hadi 10, vidonda vikishatulia. Mama mjane huniambia, "Daktari, mimi sina mume, cha nini?" Namjibu: ni cha kunisaidia mimi, mama. Uke ukiziba sitauona mlango wa kizazi, na ugonjwa ukiota pale tutachelewa kuujua. Mwenye mume namwomba aje naye, kwa kuwa wapo wanaoamini saratani huambukizwa kitandani. Haiambukizwi.

Damu kwenye choo kikubwa, hata mwaka mmoja baadaye, mara nyingi ni utumbo ulioumizwa na mionzi. Njoo tuuangalie, usijitibu kwa dawa za bawasiri. Damu ukeni, mguu mmoja kuvimba, maumivu ya nyonga yanayoshuka mguuni, au mkojo kupungua, usisubiri tarehe ya kadi. Mkojo nausisitiza: uvimbe au kovu likibana mirija yake, figo huharibika kimyakimya. Na anayetumia ARV asiziache.

Unayetoka mbali, omba nakala ya muhtasari wa matibabu wenye kiwango cha mionzi uliyopata, uipige picha kwenye simu. Ukitokwa na damu usiku, daktari wa hospitali ya jirani ataanzia hapo.