Mbao za Mafinga zilikuwa zimejificha kwenye kona ya skrini

Mchoro wa mtandao wa kazi, ule unaoonyesha kila kazi ya mradi kama kisanduku na mishale ya ipi inafuata ipi, wengi huufungua mara moja tu. Wakishaona visanduku sitini na mishale iliyosokotana kama utando wa buibui, wanaufunga na kurudi kwenye chati ya Gantt, ile ya kazi kama mistari juu ya tarehe. Siwalaumu. Programu ya ratiba ikiachwa ipange yenyewe hufuata orodha uliyoiandika: manunuzi huku, saiti kule, usafiri chini kabisa. Kazi zenyewe hazikutani hivyo.

Chukua ghala la mahindi tulilolitengenezea ratiba hapa Mbalizi, Mbeya. Sharti lilikuwa moja: bati liwe juu kabla ya mvua za Novemba. Kazi za saiti zilifuatana hivi: kuchimba msingi siku 6, kujenga msingi na kumwaga jamvi (sakafu ya zege) 10, kuta za tofali za kuchoma 18, mkanda wa zege juu ya kuta 4, kusubiri zege likomae 7, kupandisha kenchi (fremu za mbao za paa) 6, kuezeka 5. Jumla siku 56. Pembeni kulikuwa na mlolongo wa mbao: kuagiza Mafinga siku 5, kukausha 21, kusafirisha 2, kuchonga kenchi 9. Jumla 37.

Milolongo hiyo inakutana kwenye kupandisha kenchi, na upande wa saiti haufiki hapo kabla siku 45 hazijaisha. Kwa hiyo mbao zina mwanya, yaani nafasi ya kuchelewa, wa siku 8. Zikichelewa wiki moja, ghala halichelewi hata kidogo. Zikichelewa siku 10, tunamaliza kuezeka siku ya 58, na visanduku vyekundu, yaani vya njia isiyo na mwanya, vinahama kutoka kwenye kuta kwenda kwenye mbao.

Programu iliijua hesabu hiyo tangu mwanzo. Sisi ndio hatukuiona, kwa sababu mbao zilikaa kona ya juu kushoto, kenchi ziko chini kulia, na mshale wa kuziunganisha unapita nyuma ya msitu wa visanduku vingine. Kwenye kikao fundi mkuu aliukodolea macho ukuta tulikomulika mchoro, kisha akauliza, "Injinia, sasa mbao ziko wapi hapo?" Nikabaki nahangaika na kipanya, mara juu, mara chini.

Natumia Microsoft Project. Kwenye mipangilio ya mchoro kuna chaguo la kuruhusu visanduku vipangwe kwa mkono. Bila kuliwasha, utavuta mpaka uchoke. Nililiwasha, kisha nikaficha maandishi yote zikabaki namba za kazi tu, maana mchoro ukiwa na namba peke yake unaonyesha umbo. Nikaweka kazi za saiti mstari mmoja, mbao mstari wa chini yake, na kuchonga kenchi moja kwa moja chini ya kusubiri zege, vyote viwili vikielekeza mshale kwenye kupandisha kenchi. Nikarudisha maandishi. Fundi akacheka. "Kumbe zinakutana hapa! Basi seremala nisimwite mapema, atakaa anakula posho bure."

Tahadhari sasa. Kuhamisha kisanduku hakubadilishi tarehe hata moja. Tarehe zinatokana na muda wa kazi na mishale. Ila ukikishika kisanduku katikati na kukivutia juu ya kingine, hukihamishi: unaziunganisha kazi hizo kwa mshale. Mimi niliwahi kuunganisha kupaka rangi na kuchimba shimo la choo bila kujua. Mwisho wa mradi ukaruka wiki tatu mbele, na nusu siku nzima nikaishuku kalenda ya sikukuu. Shika ukingo wa kisanduku, subiri kielekezi kiwe mshale wenye ncha nne, ndipo uvute. Ukishakosea, bofya mara mbili juu ya mshale huo na uufute.

Jambo lingine, na hapa wenzangu wengi hatukubaliani. Zile siku 7 za kusubiri zege unaweza kuziweka ndani ya mshale kama muda wa kungoja. Ni sahihi kabisa kimahesabu. Mimi huzipa kisanduku chake, kwa sababu muda uliofichwa ndani ya mshale hauna wa kuutetea kikaoni. Na kwa baridi yetu ya Juni na Julai zege hukomaa polepole, kwa hiyo siku hizo ndizo mtu mwenye haraka atakazotaka kuzikata kwanza.

Watu hudhani visanduku hivi vilizaliwa na kompyuta. Hesabu ya njia isiyo na mwanya ndiyo iliyotokana na kompyuta, kwa kazi iliyoanza mwaka 1957 kati ya kampuni za DuPont na Remington Rand huko Marekani. Lakini mwaka 1961 John Fondahl wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha namna ya kuchora kazi kama visanduku na kukokotoa kwa mkono, akiwalenga wajenzi wasio na kompyuta. Ndiyo maana umeme ukikatika nakata vipande vya karatasi na kuvisogeza mezani pamoja na mafundi. Ukirudi, naviingiza kwenye programu vikiwa tayari na mahali pake.

Kabla ya kwenda kuchapisha Mwanjelwa, washa alama za mwisho wa ukurasa na usogeze visanduku vinavyokatwa katikati. Mchoro wa ghala ulienea kurasa mbili za A3, tukaziunganisha kwa gundi na kuzibandika ndani ya mlango wa stoo ya saruji. Fundi mkuu alikuwa akichora msalaba kwenye kisanduku kwa kalamu ya seremala kila kazi ilipoisha.