Mwaka 607 na kijana aliyekuja na Biblia mbili

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa barazani nasahihisha mitihani, nikasikia hodi. Mama mmoja wa makamo na kijana wa miaka ishirini na ushei, wamependeza, mikoba begani. Mashahidi wa Yehova. Nikawakaribisha, nikawaletea maji ya kunywa. Mimi ni Mlutheri, nafundisha historia ya Agano la Kale na Kiebrania kwenye chuo cha theolojia, na mtu anayekuja kwangu kuzungumza Biblia hajawahi kunichosha.

Mama akaanza na hali ya dunia: vita, njaa, magonjwa. Akasema yote hayo yanaonyesha tuko katika siku za mwisho zilizoanza 1914. Nikamuuliza, "Mama, 1914 mnaipataje?" Kijana ndiye aliyenijibu, haraka, kama mtu aliyefundishwa vizuri. Danieli sura ya 4, nyakati saba. Kila wakati siku 360, mara saba ni 2,520. Kila siku ihesabiwe mwaka mmoja. Anzia 607 KK Yerusalemu ulipoharibiwa na Wababeli, utafika 1914.

"Na 607 mnaijuaje?"

Akanyamaza. Akamtazama mama. Mama akasema, "Mwalimu, hilo limeandikwa kwenye vichapo vyetu, tutakuletea."

Wiki mbili baadaye kijana alirudi peke yake. Alikuwa na Biblia mbili, Tafsiri ya Ulimwengu Mpya ya kwao na Union Version ya bibi yake. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kwa lile swali." Nilichomweleza siku ile ndicho nitakachokieleza hapa, kwa sababu tangu wakati huo nimeulizwa tena na wengine, na kila mara nayakuta maswali yaleyale.

Kwanza nieleze kwa nini mwaka mmoja wa kale hivyo una uzito. Mafundisho haya yamepangwa kama matofali. Kutoka 607 KK unafika Oktoba 1914. Oktoba 1914 Kristo akaanza kutawala mbinguni bila kuonekana. Kisha akawakagua wote waliodai kumtumikia, na mwaka 1919 akawaweka viongozi wa kundi hili kuwa "mtumwa mwaminifu" anayetajwa Mathayo 24:45. Zamani walisema mtumwa huyo ni watiwa-mafuta wote waliopo duniani, yaani Mashahidi wanaotarajia kwenda mbinguni kutawala na Kristo. Tangu 2013 gazeti lao limefundisha kwamba ni Baraza Linaloongoza peke yake, yaani wanaume wachache walioko makao makuu, Warwick, jimbo la New York. Wao ndio wanaoamua Shahidi wa Mwanza au wa Lubumbashi aamini nini kuhusu damu, kuhusu sherehe za kuzaliwa, kuhusu ndugu yake aliyetoka. Ukiuliza wameyapata wapi mamlaka hayo, utajibiwa 1919. Na 1919 imekalia 1914, na 1914 imekalia 607.

Sasa twende Babeli.

Wababeli waliandika kila kitu. Waliandika kwenye vibao vya udongo kwa mwandiko wa kikabari, na udongo ukikauka au ukiungua hauozi kama karatasi. Nilipokuwa masomoni niliwahi kusimama mbele ya kibao kimoja katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Ni kidogo, kinatosha kiganjani, rangi ya kahawia, herufi zake kama nyayo za kuku waliokanyaga matope. Kinaeleza kwamba katika mwaka wa saba wa Nebukadreza, mwezi wa Adari, siku ya pili, mfalme aliuteka mji wa Yuda, akamkamata mfalme wake, akaweka mwingine amtakaye. Hayo ndiyo unayoyasoma 2 Wafalme 24: Yekonia anachukuliwa, Sedekia anawekwa. Kwa kalenda yetu ni Machi 597 KK. Nilisimama pale mpaka miguu ikaniuma. Mwandishi wa Babeli ambaye hakumjali Mungu wa Israeli alikuwa anathibitisha ukurasa wa Biblia ambao bibi yangu alinisomea kijijini.

Maangamizi yenyewe ya Yerusalemu yalikuja baadaye, mwaka wa 18 au wa 19 wa Nebukadreza kutegemea namna ya kuhesabu (Yeremia 52 inazitaja namba zote mbili). Kwa hiyo swali letu ni moja tu: mwaka wa 18 wa Nebukadreza ulikuwa lini?

Nilimpa kijana kalamu na karatasi, nikamwambia aandike. Babeli ilianguka mikononi mwa Koreshi, mfalme wa Uajemi, mwaka 539 KK. Hilo hata Mashahidi wanalikubali, na hesabu yao yote wanaianzia hapo. Sasa rudi nyuma. Nabonido, mfalme wa mwisho, miaka 17. Kabla yake Labashi-Marduki, miezi michache tu. Kabla yake Neriglisari, miaka 4. Kabla yake Evil-Merodaki, yule aliyemtoa Yekonia gerezani, miaka 2. Kabla yake Nebukadreza, miaka 43. Akajumlisha: 66. Ukihesabu na 539 yenyewe ndani, mwaka wa kwanza wa Nebukadreza ukaangukia 604 KK. Wa 18 ukaangukia 587.

Akarudia hesabu. 587.

"Lakini Mwalimu, kama wanahistoria wamekosa? Kama kuna mfalme wamemsahau?"

Lilikuwa swali zuri, nikafurahi aliuliza. Ili upate 607 unahitaji miaka 20 zaidi mahali fulani kati ya Nebukadreza na Koreshi. Basi tuitafute. Kutoka kipindi hicho tunavyo maelfu ya vibao vya biashara: mtu kakopa fedha, kauza kitunguu, kapangisha nyumba, kalipa shayiri. Ni risiti na mikataba, na karibu kila kimoja kina siku, mwezi na mwaka wa mfalme aliyekuwa madarakani. Familia moja ya wafanyabiashara, akina Egibi, imetuachia kumbukumbu zinazopita utawala mmoja hadi mwingine, baba akifa mwana anaendelea. Mwaka kwa mwaka risiti zipo. Miaka ile 20 ya ziada haina hata risiti moja. Nilimwambia kijana afikirie duka la Mangi pale kona: unaweza kupoteza daftari la mwezi mmoja. Lakini mji mzima, wakopaji na wakopeshaji, mahekalu na wenye nyumba, wote wapoteze miaka ileile 20, wala anayedai wala anayedaiwa asiwe na karatasi?

Halafu yuko mama yake Nabonido, Adad-guppi, aliyeishi zaidi ya miaka 100. Maandishi ya jiwe yaliyopatikana Harani yanawataja wafalme alioishi chini yao na miaka ya kila mmoja. Nebukadreza 43, Evil-Merodaki 2, Neriglisari 4. Bibi mmoja aliyaona yote kwa macho yake, na namba zake ni zilezile za wafanyabiashara.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko Berlin. Ni kibao kinachojulikana kwa namba VAT 4956, daftari la wanajimu la mwaka wa 37 wa Nebukadreza. Usiku baada ya usiku waliandika walichokiona angani: mwezi ulikuwa wapi, Mirihi wapi, Zuhura wapi. Siku ya kwanza ya mwaka wanasema Zohali ilikuwa mbele ya Mbayuwayu, jina lao la nyota za upande tunaouita Samaki. Zohali huchukua zaidi ya miaka 29 kuizunguka mbingu. Mpangilio wa sayari zote tano pamoja na mwezi unaangukia mwaka 568/567 KK. Ukiurudisha nyuma miaka 20, kama 607 inavyodai, Zohali inakuwa mahali pengine kabisa angani. Kutoka mwaka wa 37 kurudi wa 18 ni miaka 19; ihesabu nyuma kutoka 568, utarudi palepale: 587.

Mashahidi hawajakaa kimya juu ya hili, na haki itendeke. Mwaka 2011 gazeti lao lilitoa makala mbili kuitetea 607. Walisema namna ya kuzisoma sayari kwenye kibao hicho ina mashaka, na kwamba mahali pa mwezi panafaa zaidi 588/587 kuwa mwaka wa 37. Nimezisoma kwa makini. Majina ya sayari katika lugha ya Wababeli yanajulikana sana, na huwezi kuzitupa sayari ukabaki na mwezi kwa sababu mwezi unakusaidia. Tena hata 539 yenyewe, wanayoiamini, tumeijua kwa vibao vya aina hiihii. Wanachukua kimoja wanakataa kingine.

Kijana akafungua Biblia. "Lakini Yeremia amesema miaka 70 ya ukiwa. 537 Wayahudi walirudi kutoka uhamishoni, jumlisha 70, ni 607. Neno la Mungu linazidi vibao." Nikamwambia sawa, tuviache vibao. Soma Yeremia 25:11 na 12. Akasoma kwa sauti. Mstari wa 11 unasema mataifa haya watamtumikia mfalme wa Babeli miaka sabini. Mataifa, wala si Yuda peke yake, na kinachohesabiwa ni kutumikia. Mstari wa 12 unasema miaka sabini ikitimia, Mungu atamwadhibu mfalme wa Babeli.

"Mfalme wa Babeli aliadhibiwa lini?" nikamuuliza.

"539."

"Na miaka sabini kwenu inaisha lini?"

"537."

Akausoma tena ule mstari, safari hii kimya, kidole kikitembea chini ya maneno. Ikiwa adhabu ilikuja 539, miaka sabini ilikuwa imeshatimia 539. Huwezi kumwadhibu mfalme wa Babeli 537, Koreshi alishakaa kwenye kiti chake. Kisha tukaenda 29:10. Union ya bibi yake inasema "Babeli utakapotimiziwa miaka sabini": ni miaka ya Babeli, ya enzi yake. Kiebrania chake ni *le-Bavel*, na maana ya kawaida ya hiyo *le* ni "kwa". Tafsiri ya Mashahidi ya Kiingereza imeandika "huko Babeli", kana kwamba ni miaka ya kukaa uhamishoni. Kiherufi kimoja kinabeba mzigo mkubwa.

Zipo aya nyingine za kujadili, 2 Mambo ya Nyakati 36:21 hasa, na nilizipitia naye. Lakini huyo mstari wa 12 ndio uliomshika.

Hesabu hii imewahi kurekebishwa na wenyewe. Charles Taze Russell na wenzake walianzia 606 KK. Baadaye ikaonekana kwamba hakuna mwaka sifuri kati ya KK na BK, kwa hiyo 2,520 kutoka 606 ingeishia 1915. Miaka ya 1940 wakausogeza mwanzo uwe 607, mwisho ukabaki 1914. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba 607 ilitafutwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Russell mwenyewe alifundisha kuwa kuwapo kwa Kristo kulianza 1874. Mwaka 1975 ulisubiriwa na wengi kwa kuwa waliambiwa miaka 6,000 tangu Adamu inatimia. Hadi 1995 gazeti la *Amkeni!* lilikuwa na maneno kwamba kizazi kilichoona 1914 kitauona ulimwengu mpya, yakaondolewa. Sasa wanafundisha kwamba kizazi hicho ni makundi mawili ya watu ambao maisha yao yalikutana kwa muda.

Watu wetu waliusubiri mwaka 1914 pia. Mwaka 1908 na 1909, mhubiri Elliot Kamwana alibatiza maelfu kando ya Ziwa Nyasa kwa mafundisho aliyoyapata kwa wafuasi wa Russell. Aliwaambia Oktoba 1914 utawala wa wazungu utakoma na kodi itakwisha. Waingereza wakamhamisha kwa nguvu. 1914 ilipofika ikaja vita, na wapagazi wa Kiafrika wakafa kwa maelfu. Kitawala, kundi la kidini la Kongo, kimetokana na mkondo huohuo, ingawa Mashahidi hawakitambui.

Msweden Carl Olof Jonsson alikuwa painia, yaani Shahidi anayehubiri kwa wakati wote. Mwaka 1968 mtu aliyekuwa akimfundisha Biblia alimtaka athibitishe 607, swali lilelile la barazani kwangu. Akalichukulia kwa uzito, akasoma kwa miaka, mwaka 1977 akapeleka utafiti wake makao makuu. Mwaka 1982 akatengwa na ushirika. Raymond Franz, aliyekuja kuwa ndani ya Baraza Linaloongoza lenyewe, alipewa kazi ya kuandika kuhusu tarehe za Biblia na hakupata ushahidi wa kihistoria wa 607. Alijiuzulu 1980. Mwaka uliofuata akatengwa kwa sababu alikula chakula na mwajiri wake, mtu aliyekuwa amejitenga na kundi. Tangu 2024 taratibu zimelegezwa kidogo: aliyeondolewa anaweza kusalimiwa kwa ufupi na kualikwa mkutanoni. Kukaa naye mezani bado hapana.

Hilo ndilo alilonijia nalo kijana, nikaja kulitambua jioni, chai imeshapoa. Aliweka kalamu chini akasema, "Mwalimu, hesabu nimeielewa tangu ile mara ya kwanza. Ninachotaka kujua ni hivi: nikiwauliza wazee kutanikoni, mama yangu atakula na mimi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwambia asiniamini mimi, ahesabu mwenyewe, na asiharakishe kusema lolote kwa mtu yeyote. Nilimwambia pia kwamba upendo wake kwa Yehova haukuanzia 607 na hautakiwi kuishia hapo.

Akaikunja ile karatasi yenye wafalme, akaitia kwenye Yeremia 25. Akaitia kwenye Biblia ya bibi yake, ile nyingine akairudisha mkobani kama ilivyokuwa. Nikamsindikiza mpaka barabarani. Akaniuliza kama anaweza kuja tena Jumamosi, nikamwambia mlango uko wazi, na akija na mama yake nitaongeza kikombe.