Meza ya vakyumu haivuti

Meza ya vakyumu ni meza ya mashine ya CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) yenye mifereji au matundu yaliyounganishwa na pampu. Pampu inapotoa hewa chini ya kipande unachotaka kukikata, kipande kinatulia mahali pake bila klampu wala skrubu, na kisu kinapita popote bila kugonga chuma. Maana yake ni hiyo tu, na hakuna anayeikosea. Kinachokosewa, tena kila siku, ni maelezo yanayofuata: eti pampu "inakivuta" kipande, kwa hiyo kikiteleza dawa yake ni kununua pampu inayovuta zaidi.

Pampu haivuti kipande. Hewa kidogo iliyobaki ndani ya mifereji nayo haina uwezo wa kushika kitu. Kinachokandamiza kipande mezani ni hewa iliyo juu yake, hii hii tunayoivuta puani. Karibu na usawa wa bahari, angahewa inasukuma kila sentimita ya mraba kwa nguvu ya nyutoni 10 hivi, yaani kama uzito wa kilo moja. Hatuuhisi msukumo huo kwa sababu unatoka pande zote, na hewa ya chini inajibu ile ya juu. Kazi ya pampu ni kuiondoa ile ya chini, basi. Ya juu ilikuwepo muda wote.

Jambo hili halikuwa wazi hata kwa wataalamu wa zamani. Mafundi wa visima walijua kwamba pampu ya kunyonya haipandishi maji zaidi ya mita 10 hivi, hata uiunde kwa ustadi gani, lakini sababu hawakuijua. Mwaka 1643 mwanasayansi Mwitaliano Torricelli alionyesha kwamba zebaki ndani ya mrija uliozibwa juu husimama kwenye milimita 760 hivi, kwa kuwa hewa ya nje ndiyo inayoibeba. Mwaka 1648 Florin Périer, shemeji wa mwanasayansi Mfaransa Blaise Pascal, alipanda mlima Puy de Dôme huko Ufaransa na mrija wa namna hiyo, na zebaki ikashuka kadiri alivyopanda. Kisha Otto von Guericke, kule Magdeburg, Ujerumani, akaunganisha nusu mbili za tufe la shaba lenye kipenyo cha nusu mita hivi, akatoa hewa ndani, akafunga farasi wanane kila upande wazitenganishe. Wakatoka jasho bure. (Angeufunga upande mmoja ukutani na kubaki na farasi wanane tu, mvutano ungekuwa ule ule, ila watazamaji wasingefurahi hivyo.) Ukipiga hesabu ya eneo la tufe lile, angahewa ilikuwa inalibana kwa nguvu ya karibu tani mbili. Ndani hamkuwa na kitu cha kuvuta.

Kwa nini nashikilia neno moja kiasi hiki? Kwa sababu anayeamini pampu inavuta anaamini pia kwamba nguvu haina kikomo, ni suala la mota tu. Kikomo kipo, nacho ni angahewa yenyewe: kilopaskali 101 kwenye usawa wa bahari (kilopaskali 10 ni nyutoni moja kwa kila sentimita ya mraba), na kama 85 tu ukiwa mita 1,500 juu yake. Hakuna pampu duniani itakayokupa zaidi ya hapo. Ukiwa kwenye usawa wa bahari na umeshafika kilopaskali 85 za tofauti kati ya juu na chini, hata vakyumu kamili ingekuongezea chini ya theluthi moja, kwa kweli chini hata ya robo.

Kinachobaki kuchezewa ni eneo. Chukua kipande cha sentimita 5 kwa 5, weka pampu nzuri ya kilopaskali 85: kinakandamizwa kwa nyutoni 212. Lakini kisu hakikinyanyui tu, kinakisukuma pia ubavuni, na ubavuni kinacholinda ni msuguano. Tukikadiria kwamba msuguano ni 0.3 ya nguvu inayokandamiza, zinabaki nyutoni 64, na kisu kinachokula mbao kwa haraka kinaweza kuzimaliza. Sasa chukua karatasi nzima ya plaiwudi, milimita 1,220 kwa 2,440, na blowa ya kawaida (pampu ya feni inayohamisha hewa nyingi) inayofikisha kilopaskali 20 tu. Nguvu inayoikandamiza inakaribia nyutoni 60,000, tani sita. Pampu "dhaifu" imeshinda kwa mbali sana. Ndiyo maana vipande vidogo haviokolewi na pampu kubwa. Huokolewa kwa kuachiwa utando mwembamba chini usiokatwa, au vishikizo vichache vya kuvifunga na karatasi mama, au kwa kisu kinachosukuma chembe chini badala ya kile kinachozipandisha juu na kukinyanyua kipande pamoja nazo.

Halafu kuna uvujaji, ambao mara nyingi ndio mgonjwa halisi. Juu ya meza hutandikwa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi), kwa kuwa hewa hupenya ndani yake na kisu kinaweza kuikwaruza bila hasara. Sasa, nyuso mbili za MDF ni ngumu na zimebana kuliko moyo wake, kwa hiyo zisipokwanguliwa zote mbili hewa inapita kwa shida. Kingo zake, kinyume chake, zinapitisha hewa ovyo, na zisipopakwa rangi au gundi pampu inahangaika kutoa hewa ya chumba kizima. Tena kadiri kazi inavyoendelea kila mstari uliokatwa hadi chini unafungua mlango mpya. Hapo unahitaji pampu inayohamisha hewa nyingi, hata kama haifiki kina kirefu, yaani haishushi sana shinikizo la hewa. Kwenye meza ya mifereji yenye kamba ya mpira, ambako kipande kinaziba kila kitu, ni kinyume: hewa ya kuhamishwa ni kidogo, na pampu ndogo inayofika kina kirefu inatosha. Hizi ni sifa mbili tofauti za pampu, na neno "kuvuta" linazimeza zote mbili kana kwamba ni moja.

Kwa hiyo fundi akikwambia meza yake haivuti vizuri, usimkatize. Mwambie afunike meza yote kwa karatasi ya plastiki, awashe pampu, asome geji. Kisha aondoe plastiki, aweke kipande chake pale pale, asome tena. Geji ikisoma vizuri mara ya kwanza na kuanguka mara ya pili, pampu yake ni nzima. Hewa inapenya pembeni ya kipande au kwenye sehemu ya meza iliyobaki wazi, na vali ya kufunga eneo lisilotumika itamfaa kuliko mota mpya.