Bei ya akiba mnadani ni nini?

Pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, dalali hana muda wa siri. Anataja pa kuanzia, watu wanapandisha, wa mwisho anabeba fungu lake. Samaki hangoji. Jua likishapanda, bei inashuka, na bei yoyote waliyofikia wanunuzi asubuhi ile ndiyo bei yenyewe.

Bei ya akiba ni jambo la vitu vinavyoweza kurudi nyumbani na kungoja mnada mwingine: nyumba, shamba, mchoro, gari. Ni kiwango ambacho muuzaji amekubaliana na dalali kabla ya mnada kwamba chini yake mali haiuzwi. Kwa kawaida hakitangazwi. Wanakijua muuzaji na dalali, basi.

Mfano mzuri ni gari moja la Kiingereza ambalo kila mara utalikuta kwenye minada ya magari ya kale kule Uingereza, yaani Morris Minor Traveller. Ni gari la familia la aina tunayoiita stesheni wagoni: nyuma refu, milango miwili inayofunguka kama ya kabati, nafasi ya watoto, mizigo na mbwa. Morris Minor yenyewe, kazi ya mbunifu Alec Issigonis aliyekuja baadaye kubuni gari dogo la Mini, ilitoka mwaka 1948. Traveller ilifuata mwaka 1953 na ikaendelea kutengenezwa hadi 1971. Kinacholitambulisha ni mbao. Sehemu ya nyuma imezungushiwa fremu ya mbao ngumu iliyopakwa vanishi, ukilitazama kwa mbali utadhani kibanda kimepandishwa juu ya magurudumu.

Mbao hizo si pambo, ndizo zinazobeba bodi ya nyuma. Maji yakiingia kwenye maungio, mbao inaoza, na ikioza gari limelegea kiunoni. Kuitoa fremu yote na kuweka mpya ni kazi ya fundi anayejua, na gharama yake inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe. Kwa hiyo unaweza kuona Traveller mbili za mwaka mmoja, rangi moja, zinazofanana kabisa pichani, huku moja ikiwa na thamani maradufu ya nyenzake. Mwenye ile iliyobadilishwa mbao ndiye anayehitaji bei ya akiba kuliko mtu yeyote. Siku ya mnada mvua inaweza kunyesha, wanunuzi wakaja wanne, na wote wanne wakawa hawajui tofauti ya mbao mpya na vanishi mpya.

Sasa tuone inavyofanya kazi. Tuseme akiba ni pauni 5,500, siri. Kwenye katalogi kumeandikwa makadirio: pauni 5,500 hadi 7,000. Dalali anaanzia 3,000 ili kuwachangamsha watu. Hapo tayari kuna bei tatu tofauti, na wengi huzichanganya. Ya kuanzia ni chambo tu. Makadirio ni maoni ya dalali kuhusu soko, wala hayamfungi mtu. Akiba ndiyo inayofunga. Katika minada mingi ya Uingereza akiba haizidi ile namba ya chini ya makadirio, kwa hiyo mnunuzi mzoefu akisoma katalogi anajua angalau siri imejificha wapi.

Dau linafika 4,000 na ukumbi unanyamaza. Dalali anatazama kona ya mbali na kutaja 4,250. Ukigeuka, kwenye kona hiyo hakuna mtu. Amelitaja dau hilo kwa niaba ya muuzaji, kuwasukuma wanunuzi kuelekea akiba. Mimi mchezo huu haunipendezi, lakini sheria ya Uingereza ya mauzo ya bidhaa ya mwaka 1979 inauruhusu kwa sharti moja: wanunuzi wawe wamejulishwa mapema kwamba muuzaji amejiwekea haki hiyo. Asipojulisha, ni kosa. Na desturi ni kwamba madau ya namna hiyo yakome kabla ya kufika akiba, maana yakifika hapo muuzaji atakuwa amejiuzia gari lake mwenyewe.

Mtu halisi akishataja 5,500, sikiliza dalali. Wengi hubadilisha maneno hapo, wakasema kwamba sasa gari linauzwa kweli. Aliyekuwa amejiegemeza ukutani muda wote huinua mkono wakati huo. Kisha nyundo. Kwa sheria hiyohiyo, mauzo yanakamilika nyundo inapogongwa, na kabla ya hapo yeyote anaweza kuondoa dau lake. Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania zilichipuka kutoka sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, ndiyo maana kanuni hii ya nyundo si ngeni kwetu.

Je, madau yakikwama kwenye 5,000? Dalali anaweza kusema gari halikuuzwa, au akalipokea dau hilo kwa masharti, yaani ampigie muuzaji simu amuulize kama atalegeza. Mara nyingi wanakutana katikati, na dalali ndiye anayesukuma zaidi, kwa kuwa gari lisilouzwa halimpi kamisheni. Basi ukisikia gari fulani "lilifika elfu tano", usidhani limeuzwa elfu tano. Huenda lilirudi nyumbani.

Upande wa pili ni mnada usio na akiba, na huo hutangazwa kwa herufi kubwa kwa sababu unavuta watu. Ila muuzaji akishatangaza hivyo amejifunga. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilitoa uamuzi kuhusu mashine mbili mpya za kupimia injini, kila moja ikiwa na thamani ya pauni 14,000, zilizopigwa mnada bila akiba. Mtu mmoja tu alitaja dau: pauni 200 kwa kila moja. Dalali aliona ni dhihaka, akaziondoa. Mahakama ikasema hakuwa na haki hiyo. Alishaahidi kumuuzia mwenye dau la juu, na dau la juu lilikuwa 200. Akalazimika kulipa fidia ya pauni 27,600, ambayo ni tofauti kati ya thamani ya mashine hizo na pauni 400 ambazo mnunuzi angetoa.

Jambo moja dogo linalowaumiza wageni wa minada hii: bei ya nyundo siyo pesa utakayotoa mfukoni. Juu yake kuna ada ya mnunuzi, na juu ya ada hiyo kuna kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Uingereza ni asilimia 20. Tuseme ada ni asilimia 12 na Traveller yetu imegongewa 6,000. Ada ni 720, kodi ya ada 144, jumla 6,864. Akiba huhesabiwa kwa bei ya nyundo, si kwa jumla hiyo. Muuzaji naye hukatwa kamisheni upande wake, kwa hiyo anayesema "nataka 5,500 mkononi" halafu akaandikisha akiba ya 5,500 amekosea hesabu kabla hata gari halijasukumwa ukumbini.