Kukaimu sio kurithi: nani anashika nchi Rais akiwa hayupo

Rais akipanda ndege tu maswali yanamiminika huku dawatini, "sasa nchi kaachiwa nani?", na siku hizi yamezidi mpaka tumeona bora tuandike. Najua wengi mnauliza kwa nia njema.

Kwa katiba yetu ya Tanzania, Rais akiwa nje ya nchi kazi zake zinafanywa na Makamu wa Rais, na Makamu naye akiwa hayupo au anaumwa basi ni Waziri Mkuu. Sio Mkuu wa Majeshi jamani, hili tumelisema mpaka tumechoka. Ila anayekaimu hivyo hana rungu lote, Makamu hawezi kuvunja Bunge, hawezi kumwondoa waziri wala kufuta uteuzi alioufanya Rais, kwahiyo ukiona meseji kwenye grupu eti kaimu katumbua waziri usiku, ujue imetungwa.

Kiti kikiwa wazi, mfano Rais akifariki, hapo ni habari nyingine kabisa. Machi 17, 2021 Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan ndo alitangaza msiba wa Rais Dk. Magufuli, Machi 19 akaapishwa na Jaji Mkuu, Prof. Ibrahim Juma, na kuanzia hapo ni Rais kamili. Sio kaimu. Wale mnaosema Rais akifariki lazima kuwe na "uchaguzi ndani ya siku 90" mnaichanganya na Zambia, Rais wao Michael Sata alipofariki Oktoba 2014 Makamu wake Guy Scott alishikilia tu mpaka uchaguzi wa Januari 2015, kwa katiba yao ya wakati ule. Kwetu ibara ya 37(5) inasema Makamu anamalizia muda uliobaki, halafu anashauriana na chama chake anapendekeza jina la Makamu mpya na Bunge linathibitisha, ndo Dk. Philip Mpango alivyopatikana Machi 30. Na huyo aliyerithi urais akishika kwa miaka 3 au zaidi anaruhusiwa kugombea mara moja tu, ikiwa pungufu ya 3 mara mbili. Kipindi kile cha Magufuli cha miaka mitano kilianza Novemba 2020, hesabu mwenyewe.

Ndo maana inatukera kidogo mtu akisema umakamu ni cheo cha kukata utepe. Unapiga kura moja, unachagua watu wawili, na yule wa pili anaweza kulala Makamu akaamka nchi nzima iko begani kwake, ila wakati wa kampeni nani anauliza habari za mgombea mwenza?

Rais akiugua je? Baraza la Mawaziri ndo linapeleka azimio kwa Jaji Mkuu kwamba Rais hawezi kumudu kazi, Jaji Mkuu anateua bodi ya madaktari wasiopungua watatu, bodi inachunguza inamshauri, akiridhika anampa Spika hati ya kuthibitisha hilo, na zikipita siku 7 Jaji Mkuu hajaifuta basi kiti kinahesabika kiko wazi. Sio voisi noti ya mtu anayejiita daktari.

Na kwenye hizo voisi noti, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, ukisambaza taarifa za uongo faini haipungui shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote. Lazima ithibitike ulijua ni uongo na ulikusudia kupotosha, kwahiyo kuuliza swali sio kosa, uliza tu. Ila "nimeforwadiwa na mimi" sio kinga ya moja kwa moja, mahakama itataka kujua ulikuwa unajua nini wakati unabonyeza kutuma.